Mimi ni Mtu wa National

Mimi ni mtu wa National. Nasema hivyo kama wengine wanavyosema mimi ni Yanga au mimi ni Simba damu, na wala sioni haya. Kijiweni kwetu Mbagala, vijana wanapoanza kubishana kuhusu simu, mmoja anavutia kwa iPhone, mwingine kwa Samsung, wa tatu anaitetea Tecno yake kwa kuwa chaji inakaa. Mimi huwa nanyamaza kwanza. Wakinigeukia na kuniuliza, "Na wewe je?", nawajibu: National. Basi hapo kicheko kinalipuka. "National redio? Ile ya mababu?" Naam, ile ile ya mababu.

Ndugu msomaji, najua unachowaza. Mtu anaipendaje kampuni? Kampuni haina moyo, haikujui, na ukifiwa haiji kukaa matanga. Kweli tupu. Zaidi ya hapo, hata jina lenyewe limeshazikwa. Oktoba 2008 kampuni ya Matsushita ya Osaka, Japani, iliyokuwa ikitengeneza National, ilijibadili jina ikajiita Panasonic, na jina la National likaondolewa hata huko huko kwao. Mwanzilishi wake, mzee Konosuke Matsushita, alifariki mwaka 1989 akiwa na miaka 94, mimi nikiwa bado sijazaliwa. Kwa hiyo nashabikia timu isiyocheza tena, na kocha wake yuko kaburini. Lakini kila ushabiki una asili yake. Hebu nikueleze huu wangu ulikotoka, halafu uamue mwenyewe kama nastahili kuchekwa.

Redio yenyewe ni ya Babu, mzaa baba. Babu alikuwa mkulima wa korosho Masasi. Mwaka 1973 serikali iliendesha kwa redio kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walijipanga vikundi vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, halafu wakashika majembe kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya karibu na nyumba. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2. Kikundi cha Babu kilikuwa kikikutana kwa mwalimu mmoja mwenye redio ya Philips. Sasa Babu, kwa jinsi ninavyosimuliwa, lilikuwa linamkera jambo moja: kukaa chini kwenye uwanja wa mtu mwingine na kuambiwa, "Nyamazeni, natafuta stesheni." Akaapa kwamba iko siku na yeye atawaambia watu nyamazeni.

Msimu wa 1973/74 korosho zilikubali. Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000, kiasi ambacho hakikufikiwa tena kwa zaidi ya miaka 30. Babu akapata fedha zake, akadandia lori mpaka Mtwara, akarudi na National. Ilikuwa na masafa ya kati na masafa mafupi, kava la ngozi lenye matundu mbele kwenye spika, na mkanda wa kuning'iniza begani. Bibi anasema ile redio ililala kitandani na wao wiki mbili nzima. Mwaka 1975 ilipokuja kampeni nyingine, Chakula ni Uhai, kikundi kilihamia uwanjani kwa Babu. Hapo ndipo alipopata nafasi yake. "Nyamazeni, natafuta stesheni."

Lakini redio ile haikuwa ya kujidai tu. Mwishoni mwa mwaka 1978, jeshi la Idi Amin lilipovamia Kagera na nchi ikaingia vitani, Baba Mkubwa alikuwa jeshini. Barua zilikuwa hazifiki. Bibi hajui kusoma hata hivyo. Kila siku saa mbili usiku alikuwa anaweka kigoda chake karibu kabisa na spika, anasikiliza taarifa ya habari ya Radio Tanzania huku akimenya mihogo gizani, kana kwamba mtangazaji angeweza wakati wowote kulitaja jina la mwanawe. Hakulitaja hata siku moja. Na kila siku ambayo hakulitaja, Bibi aliihesabu kuwa habari njema. Baba Mkubwa alirudi mzima mwaka 1979. Bibi mpaka leo anaamini kuwa redio ile ilichangia.

Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, miaka ya foleni. Hapakuwa na sabuni, hapakuwa na sukari, na betri ndiyo usiseme. Kumbuka kuwa betri za National zilikuwa zikitengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, maana Matsushita walijenga kiwanda hapa mjini katikati ya miaka ya 1960. Hata hivyo kufika Masasi ilikuwa bahati nasibu. Watu wakajifunza kuzianika juani zikichoka. Hilo la kuanika nimelikuta mwenyewe, miaka mingi baadaye. Tukienda likizo kwa Babu, kazi yangu ilikuwa kuzipanga betri juu ya bati asubuhi na kuziteremsha jioni, zikiwa za moto kama mayai yaliyochemshwa. Redio ikianza kukoroma, Babu ananiita: "Mjukuu wangu, waambie wanao kesho waamke mapema." Wanangu walikuwa betri nne.

Babu alifariki mwaka 2009. Redio ikakaa kabatini kwa Baba miaka mitano, halafu nikaja nayo Dar.

Sasa twende kwa mwenye National.

Huyu mzee nilianza kumsoma kwa sababu nilikuwa na muda mwingi kupita kiasi. Mwaka 2020 nilikuwa nauza simu katika duka moja Kariakoo. Biashara ilipolala, tajiri alituita watu watatu, akatupa mshahara wa nusu mwezi, akatuambia tukakae nyumbani mpaka atakapotuita. Hajatuita mpaka leo. Nikawa nashinda chumbani, redio ya Babu mezani ikinitazama, na siku moja nikajiuliza: hivi huyu National alikuwa nani? Nilidhani nitakuta tajiri, mtoto wa tajiri. Nilichokuta kilinikalisha kitako.

Konosuke Matsushita alizaliwa mwaka 1894 katika kijiji cha Wasa, jimbo la Wakayama, kitinda mimba katika watoto wanane. Baba yake alikuwa na ardhi na heshima zake, akaingia katika biashara ya kubahatisha bei ya mchele, akafilisika mpaka nyumba ikaondoka. Mtoto akatolewa shule akiwa na miaka minne tu ya masomo. Akiwa na umri wa miaka 9 akapandishwa treni peke yake kwenda Osaka, kuwa mtoto wa kazi katika duka la majiko ya mkaa. Kufagia, kung'arisha majiko, kubembeleza mtoto wa tajiri. Hebu msomaji, watoto hao si tunawajua? Si ndio wanaoshushwa Mbagala na Ubungo na kimfuko cha nguo, kesho yake wanasukuma toroli au wanapika kwenye nyumba za watu?

Kutoka kwenye majiko akahamia duka la baiskeli. Kisha tramu za umeme zikaanza kutapakaa Osaka, kijana akaziona, akasema moyoni kuwa dunia inaelekea huku. Mwaka 1910 akaingia kampuni ya umeme ya Osaka kama fundi wa kufunga nyaya. Huko akabuni kishikizo bora cha taa, holda kama tunavyoita sisi, akampelekea mkubwa wake. Mkubwa akamwambia haifai. Mwaka 1917 akaacha kazi. Alikuwa na miaka 22, kifua kibovu, na akiba ya yapata yen 100. Akaanza kutengeneza holda zake katika kijinyumba cha vyumba viwili pamoja na mkewe Mumeno, shemeji yake Toshio Iue na wenzake wawili. Holda hazikuuzika. Wale wenzake wawili wakaondoka. Mumeno akapeleka nguo zake rehani ili watu wale. Kilichowaokoa kilikuwa oda ya kitu kingine kabisa: vipande 1,000 vya kuzuia umeme kwenye feni. Machi 1918 kampuni ikazaliwa rasmi.

Huyo Mumeno ningependa siku moja mtu amwandikie kitabu chake. Historia ya wakubwa wengi, ukiikung'uta vizuri, inadondosha kimono cha mwanamke kilichowekwa rehani.

Ila hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya taa ya baiskeli. Mwaka 1923 taa za betri zilikuwa zinawaka saa mbili tatu tu na kuzimika. Matsushita akatengeneza yenye umbo kama risasi, inayowaka saa 30 na zaidi. Wenye maduka ya jumla hawakumwamini. Kila mmoja alishaumwa na taa mbovu. Sasa wewe ungefanyaje? Yeye alizipeleka taa kwenye maduka ya rejareja bila kudai malipo, akamwambia kila mwenye duka: iwashe moja, iache, uone itakapozima. Taa ikawaka leo, ikawaka kesho. Wenye maduka wakaja wenyewe kuomba nyingine. Hakuleta maneno mengi wala picha ya msichana anayecheka. Aliiacha taa iseme.

Mwaka 1927 ilipokuja taa ya mraba, ndipo jina la National likatumika mara ya kwanza. Alitaka kugawa taa 10,000 bure ili watu waonje. Betri zilikuwa za mtengenezaji mwingine, basi akaenda kumwomba betri 10,000 za bure, kwa ahadi kuwa kufika mwisho wa mwaka atakuwa amemuuzia 200,000. Zikauzwa 470,000. Kijiweni tungesema mzee alikuwa na roho ngumu.

Lakini roho yake ngumu niliijua niliposoma habari za mwaka 1929. Uchumi wa dunia ulianguka, mauzo yakapungua nusu, ghala likajaa bidhaa mpaka mlangoni. Mwenyewe yuko kitandani anaumwa. Wasaidizi wake wakaja na shauri ambalo kila tajiri analijua: tupunguze nusu ya wafanyakazi. Akakataa. Akaamuru viwanda vifanye kazi nusu siku, mishahara ilipwe kamili, asifukuzwe mtu hata mmoja, ila siku za mapumziko zifutwe na watu wote waende kuuza mali iliyo ghalani. Katika miezi miwili hivi ghala likawa tupu.

Nilisoma habari hiyo nikiwa na mwezi wa tatu sina kazi. Nilirudia mara mbili. Nilifikiri juu ya sisi watatu tuliotolewa dukani, na ghala lililokuwa limejaa simu nyuma yetu. Hakuna aliyetuambia tutoke mitaani tukauze. Tungetoka. Mungu ni shahidi, tungeuza mpaka Bagamoyo.

Mwezi huo huo ndipo uaminifu wangu kwa National ulipojaribiwa. Jamaa mmoja anayepamba mikahawa upande wa Masaki alisikia kuwa nina redio ya zamani. Akaja, akaigeuza geuza, akatoa bei: laki moja na nusu taslimu. Alitaka kuiweka juu ya rafu, pembeni ya cherehani bovu na chetezo, wateja wapige nayo picha. Nikamwuliza, "Itakuwa inalia?" Akacheka. "Iliye nini, kaka? Ni urembo tu." Mwenye nyumba alikuwa ananidai kodi ya miezi miwili. Nilimkatalia yule jamaa, nikaenda Kariakoo kuuza simu yangu. Watu wa kijiweni waliposikia kuwa nimeuza simu nikabakiza redio, walinipa jina la utani ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa.

Sasa tuingie kwenye kiini cha mambo. Matsushita alikuwa na wazo moja lililomfanya ajulikane kuliko taa na redio zake, nalo ni wazo la maji ya bomba. Inasemekana siku moja ya joto, huko Osaka, alimwona mvuta mkokoteni akisimama kwenye bomba la watu, akafungulia, akanywa akatosheka, akaenda zake. Hakuna aliyemwita mwizi. Maji yale yalikuwa na bei, lakini yalikuwa mengi na rahisi kiasi kwamba hakuna wa kumsemesha mtu aliyekunywa. Matsushita akawaza: kazi ya mwenye kiwanda ndiyo hii. Tutengeneze vitu vyema kwa wingi na kwa bei ya chini mpaka viwe kama maji ya bomba, na umaskini utakwisha. Tarehe 5 Mei 1932 aliwakusanya wafanyakazi wake akawatangazia wazo hilo, pamoja na mpango wa miaka 250 wa kulitimiza. Ukipiga hesabu, mpango unafika mwaka 2182.

Mwaka huo huo alifanya jambo lililoniridhisha kuwa hakuwa anapiga porojo. Kulikuwa na hataza ya redio iliyowabana watengenezaji wote Japani. Bila idhini ya mwenyewe, hutengenezi. Matsushita akainunua, halafu akaifungua bure kwa kila mtengenezaji, wakiwemo washindani wake. Bomba kalichimba yeye, akaacha koki wazi.

Lakini ndugu msomaji, mimi nakaa Mbagala, na mtu wa Mbagala ukimwambia habari za maji ya bomba lazima akuulize maswali. Kwetu bomba lina mwenyewe. Maji tunanunua kwa ndoo, na msukuma mkokoteni ndiye anayetuuzia. Masika mvua inatufurika mpaka vitanda vinaelea, na bado asubuhi dada zetu wanapanga foleni ya madumu. Maji si machache. Kilichopungua ni yule aliyepaswa kulaza mabomba. Mzee Matsushita aliuona wingi wa maji ya Osaka, akauchukua kuwa ndio siri. Nadhani aliangalia koki akasahau mtaro. Maji yale yalikuwa rahisi kwa sababu mji mzima ulichanga, ukachimba, ukalaza, ukatunza. Kiwanda peke yake hakiwezi kufanya hivyo.

Tena wingi alioutamani umeshatufikia. Nenda Kariakoo leo uone: redio, spika, chaja, visikizi vya masikioni, vimemwagwa chini kwenye turubai kama dagaa. Bei ni rahisi kuliko sahani ya wali maharage. Nimeviuza mwenyewe. Vingine vilikuwa havimalizi wiki, na vikiharibika havifunguki, vimegandishwa kwa gundi. Hayo ndiyo maji ya bomba aliyoyaota? Redio ya Babu ilimgharimu sehemu kubwa ya korosho za msimu mzima, ikadumu zaidi ya miaka 40. Mtu aliyetaka vitu viwe rahisi kama maji alitutengenezea kitu ambacho ukoo mzima umekitunza kama mahari. Hapo mimi hubaki najikuna kichwa, na kijiweni hakuna wa kunisaidia.

Na mzee mwenyewe hakuwa malaika. Sipendi ushabiki wa kufumba macho. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kampuni yake iliingia katika kazi za kijeshi, ikatengeneza hata meli na ndege za mbao kwa ajili ya dola iliyokuwa ikiangamiza watu wa China na nchi nyingine za Asia. Vita vilipokwisha, Wamarekani walioitawala Japani walimweka katika orodha ya wakubwa wa kuondolewa madarakani. Ajabu ni kwamba waliojitokeza kumtetea walikuwa chama cha wafanyakazi wake. Walikusanya saini kwa maelfu, wakapeleka maombi abakizwe, na akabakizwa. Wakubwa wangapi unaowajua ambao wafanyakazi wao wangewapigania namna hiyo? Mimi namkumbuka wangu wa Kariakoo, nakaa kimya. Pamoja na hayo, saini hazifuti meli.

Wala kampuni haikubaki kuwa ile ile baada yake. Mwaka 2001, miaka 12 tangu azikwe, Matsushita iliyojisifu kwa kutofukuza watu iliwafungulia mlango wa kustaafu mapema, na watu wapatao 13,000 wakatoka. Niliposoma habari hiyo nilizima taa nikalala. Ilikuwa kama kusikia kuwa msikiti wa mtaani kwenu umegeuzwa ghala.

Baadaye nikagundua jambo lingine lililonirudishia kicheko. Masasi, watu waligawanyika kwa redio: huyu Philips, yule Sanyo, Babu National. Babu na yule mwalimu wa Philips walitaniana mpaka uzeeni, kila mmoja akidai ya mwenzake inaiba maneno ya taarifa ya habari. Kumbe mwaka 1952 Matsushita na Philips walikuwa wameshaingia ubia wa kutengeneza vifaa pamoja. Na Sanyo je? Ilianzishwa na Toshio Iue, yule yule shemeji wa kwenye vyumba viwili, baada ya kutoka kwa Matsushita kufuatia vita. Mwaka 2009 Panasonic ikainunua na Sanyo. Kumbe wazee wetu walikuwa wakigombania watoto wa nyumba moja! Laiti ningeyajua haya Babu akiwa hai. Asingekubali, lakini angecheka.

Basi mimi namtii nani hasa? Nimelifikiria sana swali hili, maana naona vijana wenzangu wanavaa nembo za makampuni kama hirizi, wanalala njaa wapate simu yenye tofaa lililong'atwa, na wanaweza kukueleza maisha ya Steve Jobs kuliko maisha ya mama zao. Siwacheki. Mtu anahitaji kumwona aliyetoka chini akafika juu, hasa mtu ambaye hapa alipo haoni ngazi. Ninachosema ni kuwa kampuni haina deni nami, wala mimi sina deni nayo. Babu alilipa taslimu. Panasonic wakitoa kitu kibovu kesho, sitakinunua eti kwa kuwa mzee alikuwa mwema.

Nilichobaki nacho ni mambo matatu ninayoweza kuyashika mkononi. Kwanza, taa iachwe iwake yenyewe dukani. Pili, ghala likijaa, watu ndio wa mwisho kutupwa, si wa kwanza. Tatu ni lile alilonionyesha fundi mmoja mzee wa Gerezani, nilipompelekea redio ikiwa imekufa kabisa. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia bila kuinua macho. Akatoa bisibisi ya kawaida, akafungua skrubu, kifuniko kikaachia. Ndani kila kitu kilionekana, kila waya una rangi yake. Akanyoosha kidole: "Unaona, mwanangu? Aliyeitengeneza alijua kuwa iko siku itafunguliwa na mtu asiyemjua. Akamwachia nafasi ya kupitisha mkono." Akabadilisha kapasita mbili, akagusa risasi mahali palipoachia, akanitoza elfu nane. Ikalia.

Nimeyaandika haya kwa sababu gazeti hili ni la sisi tunaojifunza kuandika, na maneno ya yule fundi yamenikaa kichwani kila nikishika kalamu. Nataka niandike kitu ambacho mtu nisiyemjua, miaka 40 ijayo, anaweza kukifungua kwa bisibisi ya kawaida akakuta nafasi ya kupitisha mkono. Sijafika huko. Nafanya mazoezi.

Nawe mwenzangu unayesoma, nina ombi. Nyumbani kwenu lazima kuna kitu cha namna hii: cherehani ya Singer, baiskeli ya Phoenix, pasi ya mkaa, saa ya ukutani iliyosimama. Muulize mama au bibi kilinunuliwa lini, kwa fedha ya nini, na siku kilipoingia nyumbani nani alikuwa wa kwanza kukigusa. Uandike utuletee. Ila fanya haraka, maana wanunua vyuma chakavu wanapita kila siku, na wao hawaulizi historia. Wanapima kwa kilo.